Klabu isiyo na uwanja

Najua nimepotea, wiki tatu kimya, na wengine mmeshaanza kuniulizia kama baridi ya Scotland imenimaliza. Haijanimaliza. Nipo hapahapa Edinburgh, chumbani kwangu, vitabu vimefunguliwa na havisomwi, na insha ya watu inatakiwa Alhamisi. Kilichonipoteza ni jambo ambalo nikilitaja mtacheka: nilikuwa natafuta klabu ya gofu ya kujiunga.

Chekeni kwanza, nawasubiri.

Haya. Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtoto wa kedi, yaani yule anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji na kumtafutia mpira ukipotelea kwenye majani. Baba kabeba mifuko ya watu miaka 27 katika klabu moja ya mji wetu, kule kaskazini mwa Tanzania. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya makedi kucheza, uwanja ukiwa hauna wenyewe. Nilikuwa namfuata nikitoka shule, naokota mipira, mpaka siku moja akanipa fimbo namba saba aliyoikata mpini, akasema piga. Nikapiga. Tangu hapo sikupona.

Lakini ule mlango wa mbele, wa vioo, ambao ndani yake kuna ubao wenye majina ya washindi kwa maandishi ya dhahabu, baba hajawahi kuupita hata mara moja. Makedi walipita nyuma, upande wa jikoni, na chai yao walinywea chini ya mwembe. Kwa hiyo siku ananisindikiza uwanja wa ndege, wakati mama ananihimiza habari za sala na masomo, yeye alininong'oneza lake: "Huko ndiko gofu ilikozaliwa. Tafuta klabu, ujiandikishe, halafu unitumie picha umekaa ndani." Mama akamkata jicho.

Na kweli ilizaliwa huku, au tuseme ndiko ilikolelewa. Mwaka 1457 Bunge la Scotland liliupiga marufuku mchezo huu pamoja na mpira wa miguu, kisa vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde na mshale. Kanuni za kwanza zilizoandikwa, 13 tu, zilitungwa hapahapa mjini, upande wa Leith, mwaka 1744. Yaani mtoto wa kedi kupata udhamini wa kusoma Edinburgh ni kama mtoto wa mvuvi kupelekwa kusoma Bahari ya Hindi.

Wiki ya kwanza nikadhani kazi imekwisha kabla haijaanza. Ukitoka maktaba kuu, ukavuka bustani kubwa wanayoiita Meadows, unakutana na Bruntsfield Links, uwanja wa wazi wenye vishimo vifupifupi na bendera zake. Watu wanapita na mbwa, wanafunzi wamelala kwenye nyasi, na katikati yao mtu anapiga gofu. Nikauliza bei. Bure! Njoo na fimbo na mpira wako, basi. Mwalimu Nyerere alisoma chuo hiki kuanzia 1949 hadi 1952, na kila nikipita pale najiuliza kama naye alisimama hata dakika moja kuwatazama wale watu na vijifimbo vyao. Nikaenda duka la mitumba (ndiyo, huku nako kuna mitumba, wanauza kwa ajili ya misaada) nikapata fimbo tano na mfuko kwa paundi 18.

Kumbe furaha ile haikuwa na klabu ndani yake. Pale Bruntsfield huandikwi jina popote. Unacheza, unaondoka, hakuna anayejua ulikuwepo. Halafu kuna suala la handikapu, ile namba inayoonyesha kiwango chako ili mbovu na bingwa waweze kushindana. Tangu 2020 dunia nzima inafuata mfumo mmoja, kwa hiyo namba nitakayoipata huku itasomeka mpaka Dar na Nairobi. Unawasilisha kadi za mashimo 54, unapewa namba yako, na hata ukiwa mbovu wa kutupwa mwisho wake ni 54. Njia ya kawaida ya kuipata ni kupitia klabu. Nikaona baba yuko sahihi, lazima nijiandikishe.

Bajeti yangu ilikuwa paundi 300 kwa mwaka mzima, hela ninazopata Jumamosi kwa kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja. Nikakaa na daftari nikaanza kuorodhesha klabu. Jamani. Nyingine ada ya mwaka peke yake inapita paundi elfu, na juu yake kuna kiingilio, na juu ya kiingilio wanachama wawili wakudhamini kwa maandishi. Mimi nilikuwa namfahamu mtu mmoja tu mjini, anaosha sufuria nami. Nyingine unatakiwa kununua chakula cha kiasi fulani kila mwaka hata kama huna njaa. Na ile kongwe, ya wale waliotunga kanuni 13, siku hizi iko Muirfield nje ya mji, na hiyo hata sikuiandika daftarini. Mwaka 2016 wanachama wake walipiga kura kuhusu kupokea wanawake na theluthi mbili haikutimia. Wakarudia 2017, ikapita. Yaani mimi naanza sekondari, watu wazima bado wanahesabu kura.

Ikabaki moja. Siitaji jina, haijanikosea kitu. Jengo la mawe, mlango wa vioo, zulia, ubao wa majina ya dhahabu. Yaani kana kwamba walichora ile ya kwetu wakaiweka kwenye baridi. Kwa wenye umri chini ya miaka 30 wana punguzo, ada ikashuka mpaka 540, na katibu akasema wadhamini watanitafutia wenyewe. Mama mstaarabu sana, alinipa na chai. Nilikaa kwenye kiti cha ngozi nikasema moyoni, hii ndiyo picha ya baba.

Tatizo ni zile 240 zilizopungua. Nilikuwa nazo. Zilikuwa kwenye bahasha ndani ya soksi, ada ya mdogo wangu kidato cha sita, niliyoahidi kuituma kabla ya Januari. Nikaanza kupiga zile hesabu mnazozijua, hesabu za mwizi: nitaongeza zamu Jumapili, nitakula wali na maharage, mkuu wa shule ataelewa. Siku mbili nilikuwa naamka usiku nahesabu. Sikumwambia mtu. Leo ndiyo nawaambia ninyi, kwa hiyo mdogo wangu ukisoma hapa, bahasha haikuguswa, tulia.

Kilichoniokoa ni safari ya St Andrews. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alitaka kwenda kupiga picha, nikamfuata. Treni haifiki pale, unashuka Leuchars, unapanda basi. Ilikuwa Jumapili, na nilijua tutaukuta ule uwanja mkongwe, Old Course, mabingwa wa dunia wanachezea pale, umefungwa kwa walinzi na seng'enge. Tukakuta watoto wanakimbia katikati yake! Bibi anatembeza mbwa. Jumapili hawachezi gofu pale kwa kawaida, uwanja unakuwa wa matembezi ya watu wote. Nikamuuliza mzee mmoja, hivi wenye klabu hawakasiriki? Akanitazama kama nimeuliza kama bahari ina mwenyewe. Akasema uwanja si wa klabu, ni mali ya umma, na unasimamiwa na taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Ile klabu maarufu yenye jengo lake pale mbele ina nyumba yake tu. Wanachama wake wakitaka kucheza wanakwenda kwenye uwanja wa umma kama wengine.

Ndugu zangu, nilisimama pale kwenye upepo nikajiona mjinga. Maisha yangu yote nilidhani klabu na uwanja ni kitu kimoja. Kwetu ndivyo ilivyokuja. Waingereza walipoanzisha klabu ya Nairobi mwaka 1906, na nyingine zilizofuata Afrika Mashariki, walileta uwanja, nyumba, baa na geti kama kifurushi kimoja, na ukikosa kimoja umekosa vyote. Kumbe huku walikotoka, klabu ni watu tu. Watu wamekubaliana kucheza pamoja, wana katibu, wana mtunza hazina, wana daftari. Uwanja unaweza kuwa wa manispaa, na juu ya uwanja mmoja zikawepo klabu kadhaa.

Basi nikarudi Edinburgh na swali jipya. Badala ya "klabu gani nitaimudu", nikawa nauliza "uwanja gani wa umma, na akina nani wanachezea pale?" Jibu lilikuwa kusini mwa mji, Braid Hills, uwanja wa manispaa tangu 1889. Ni mlimani hasa. Upepo unakusukuma kama una deni nao, pembeni kuna vichaka vya miiba vinavyokula mipira, lakini ukisimama juu unaiona ngome ya mji, unauona ule mlima wa Arthur's Seat, na nyuma yake bahari. Nilipiga mipira minne ikaingia miibani siku ya kwanza. Sikujali.

Klabu niliyoipata haina jengo. Ina kabati lenye kufuli, na mikutano yake inafanyika chumba cha nyuma cha baa. Mtunza hazina ni dereva wa basi mstaafu, na alinichezesha raundi nzima kabla ya kunitajia bei. Ada yao ya mwaka ni paundi 45. Ukichanganya na tiketi ya uwanja kwa raundi nitakazocheza, nabaki ndani ya 300. Mzee yule ndiye aliyenishauri nisinunue tiketi ya msimu sasa hivi. "Binti," alisema, kwa kile Kiingereza chao ambacho inabidi ukisikilize mara mbili, "Desemba jua linazama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Una vipindi mpaka saa ngapi?" Nikamwambia siku nyingi saa kumi. Akacheka. Akasema nilipe raundi moja moja mpaka Machi, halafu siku zikirefuka ndipo ninunue tiketi. Mwenye kuuza nani angekwambia hivyo? Kwa hiyo mwenzangu uliyehamia mji mgeni na unatafuta mahali pa kucheza, kabla ya kuuliza ada kamuulize mtu jua linazama saa ngapi.

Ikabaki kumwambia baba. Hilo ndilo lililonichukua wiki nzima kuliko yote, maana nilijua anasubiri picha ya kiti cha ngozi. Jana nikapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umepata?"

Nikamwambia nimepata. Nikamweleza yote, kabati, baa, dereva wa basi. Akawa kimya. Mnajua ule ukimya wa simu ambao husikii kama mtu kakata au anafikiri.

"Klabu isiyo na uwanja," akasema.

"Ndiyo baba."

"Na nyumba pia hawana."

"Hawana."

"Sasa wewe unaingia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia mlango hakuna, baba, hakuna wa mbele wala wa nyuma, unapanda kilima tu. Nikasikia anamwita mama, anamwambia eti huku hata dereva wa basi ni mtunza hazina. Mama akauliza kama nakula. Simu ikarudi.

"Jina wameliandika?"

"Wameliandika. La kwako pia limo, maana nimeandika majina matatu."

Akakohoa kidogo. Halafu ikawa zamu ya fundi kuuliza ya ufundi. "Nani anakubebea mfuko?"

"Nabeba mwenyewe."

"Una mikanda mingapi?"

"Mmoja."

"Basi badilisha bega kila baada ya mashimo matatu. Usingoje mpaka liume. Na huko mlimani, ukishuka, mfuko uwe upande wa juu, la sivyo utakuangusha."

Picha bado anaitaka. Nitampiga nayo kilimani Jumamosi, tunaanza saa tatu asubuhi, mimi na dereva wa basi na wenzake wawili, kadi yangu ya kwanza ya handikapu. Mvua inatabiriwa. Ngoja niimalizie hii insha.