Chapati Tisini na Jiko Moja

Lowell, Massachusetts

Ndugu zangu wa Sagana,

Desemba ikikaribia, Wakenya wa huku huanza kuulizana: Krismasi mwaka huu tunakula kwa nani? Zamu humwangukia yule aliyehamia nyumba yenye sebule kubwa kidogo. Hajawahi kualika watu thelathini, lakini hukubali, maana kukataa ni aibu. Kisha huingiwa na wazo kwamba mwenye karamu ndiye anunue kila kitu, apike kila kitu na aoshe vyombo wageni wakishaondoka. Wazo hilo husemwa kuwa ndiyo desturi ya kwetu. Mimi nashikilia kwamba si ya kwetu hata kidogo, na kwamba mwenyeji anayegawa kazi kwa wageni wake ndiye anayefuata mila kuliko anayejiua jikoni peke yake.

Tuanze na hesabu ya chapati. Wageni 30, kila mmoja chapati 3, ni chapati 90. Moja ikikaa dakika 2 juu ya tawa, hizo ni saa 3 za kusimama, kabla hujahesabu kukanda, kukata madonge na kusukuma. Jiko la nyumba ya kupanga lina nafasi ya sufuria nne, na tawa imeshachukua moja. Mbuzi wa madukani huku kwa kawaida ametoka Australia akiwa amegandishwa, amekatwa kwa msumeno vipande vidogo, hana kichwa wala miguu ya supu. Mahindi mabichi ni matamu na laini, hayafai mukimo, kwa hiyo watu hununua ya makopo, yale meupe yenye punje kubwa wanayopenda Wamexico. Majani ya malenge wakati wa baridi usiyatafute; spinachi itashika nafasi yake, na mukimo utakuwa wa kijani bila ladha ile. Nyama ya kuchoma nayo ina mashaka yake: nje ni theluji na jua linazama saa kumi na robo, mikataba mingi ya upangaji inakataza mkaa kwenye roshani, na ukichoma ndani kengele ya moshi itawaita majirani wote. Halafu tarehe 26, mkiwa mmelala na kusubiri supu ya Boxing Day, huku Marekani ni siku ya kazi.

Sasa tazameni boma lolote kati ya Sagana na Kagio siku hiyo hiyo. Jina la mwenyeji ni moja, mikono ni ishirini. Sufuria kubwa, sahani na hema ni vya kikundi cha akina mama. Viazi vinamenywa na majirani waliokuja tangu asubuhi, kila mmoja na kisu chake. Vijana wanachuna mbuzi na kusafisha matumbo ya mutura. Shangazi ameleta mchele wa Mwea, mwingine ameleta ndizi. Kazi ya namna hii ina jina la Kikuyu tangu zamani, ngwatio, na kina mama walipokwenda kwa mwenzao na kuni, unga na vyakula, hiyo ilikuwa itega. Aliyehama alibeba kumbukumbu ya meza iliyojaa, akaiacha kule mipango iliyoijaza.

Wapo watakaosema kumwambia mgeni alete chakula ni Uzungu, ule wa kubisha hodi na bakuli mkononi. Kama ni Uzungu, basi bibi zetu waliotembea na kuni mgongoni walikuwa Wazungu. Pingamizi zito zaidi ni la wanaoogopa fujo: ukisema kila mtu aje na chochote, utapokea kreti za soda na mifuko ya krispi. Ni kweli. Ndiyo maana kazi igawanywe kwa majina, wiki mbili kabla, kwenye WhatsApp: fulani chapati 20, fulani kachumbari, fulani viti. Nyama na pilau vipikwe pale pale, kwa sababu Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na barabara yenye theluji haina haraka. Wauguzi na walezi wa wazee, ambao ni wengi kati yetu na ambao Krismasi ni siku ya zamu kama nyingine, watoe pesa. Wakenya wanaopika kwa oda wapo, na trei ya pilau iliyonunuliwa ni mchango halali. Kumbukeni kwamba mwenyeji huyo huyo anatarajiwa kuwatumia ninyi pesa za sikukuu. Kati ya karibu dola bilioni 5 zilizoingia Kenya mwaka 2024 kutoka kwa walio ng'ambo, sehemu kubwa zaidi ilitoka Marekani.

Lipo pingamizi moja ambalo sina jibu la kulimaliza. Ngwatio ninayoisifu iliwaelemea wanawake. Mwanamume alichoma mbavu, akasifiwa mchana kutwa. Waliopika vyakula vingine vyote hawakutajwa. Tukiihamisha desturi hiyo jinsi ilivyo, mke aliyetoka zamu ya usiku ya saa 12 ndiye atakayesukuma zile chapati 90. Kwa kuwa hapa hakuna moto wa nje wa kuzungukwa na wanaume, wapeni tawa. Orodha ya WhatsApp ianze na majina yao, tena iwape na masufuria ya kusugua. Na wenzetu walio kazini wapakuliwe sahani zao mapema, kabla wanaoongeza hawajarudi mezani mara ya pili.