Mwenye Tesla Tunamjua. Mwenye Chai ya Kericho ni Nani?

Tarehe 27 Oktoba 2023 mafundi wa magari walianza kugoma katika gereji za Tesla hapa Uswidi. Hawakuwa wakidai Elon Musk ang'oke. Walitaka saini moja tu, kampuni ikubali mkataba wa pamoja wa kazi, ule ambao Kenya tunauita CBA. Uswidi haina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Mshahara, pensheni na bima hupangwa kati ya vyama na waajiri, na takriban wafanyakazi tisa kati ya kila kumi wanalindwa na mikataba hiyo. Tesla ikakataa. Musk naye akasema hadharani kwamba hakubaliani na wazo lenyewe la vyama vya wafanyakazi.

Kilichofuata kilinishangaza mimi mtoto wa Konoin, niliyekulia katikati ya michai ya Bomet. Mgomo wa mafundi wachache uligeuka kuwa shughuli ya nchi nzima. Makuli wa bandarini walikataa kushusha magari ya Tesla melini. Mafundi wa umeme wakaacha kutengeneza vituo vya kuchajia. Wasafishaji wakaweka ufagio chini. Wafanyakazi wa posta hawakupeleka tena nambari za usajili za magari mapya, na Musk akaandika kwamba huo ni wendawazimu. Tesla ikaenda mahakamani. Kufikia Desemba, vyama vya Denmark, Norway na Finland vilikuwa vimejiunga ili magari yasipitishiwe bandari za jirani. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyeajiriwa na Tesla. Yule wa posta hana ugomvi wowote na Musk. Anachojua ni kwamba mwajiri mmoja akiachwa aukwepe mkataba, kesho wa kwake atauliza kwa nini yeye aufuate.

Sasa rudi nyuma miezi mitano tu kabla ya mgomo huo kuanza. Mei 2023, Kericho, vijana waliingia katika mashamba ya ekaterra, kampuni ya chai ya Lipton, wakachoma mashine za kuchumia majani. Chama cha wakuzaji chai wa mashamba makubwa kilisema mashine tisa ziliteketea, hasara ya takriban shilingi milioni 170. Watu waliumia, wakiwemo polisi, na damu ilimwagika. Mashine moja inasemekana kufanya kazi ya watu mia. Miezi miwili kabla ya moto ule, jopo lililoundwa Kericho lilikuwa limependekeza uwiano wa asilimia 60 kwa mashine na 40 kwa mikono. Pendekezo lilikuwepo, wa kulisikiza hakuonekana.

Najua hapa ndipo msomaji anatarajia niseme Wazungu wana ustaarabu na sisi tuna viberiti. Siwezi. Machi 2025, watu walipokasirishwa na siasa za Musk, magari ya Tesla yalichomwa moto Las Vegas, na Roma yakateketea 17 kwa usiku mmoja. Hapa Uswidi kwenyewe maduka ya Tesla yalipakwa rangi. Hasira ni ile ile. Walakini vijana wa Kericho hawakuwa wakipinga maneno ya mtu. Walikuwa wakitazama mshahara wa mama zao ukipita na magurudumu. Tena shina la hasira hiyo ni kongwe kuliko mashine. Ardhi ya mashamba hayo ilitwaliwa zama za ukoloni, ukoo wa Talai ukafukuzwa hadi Gwassi mwaka 1934, na kufikia 2022 malalamiko yao yalikuwa yamefikishwa kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Ninachokiona kama tofauti kubwa ni mwenye mali mwenyewe. Musk anajulikana. Uso wake, simu yake ya mkononi inayotema maneno usiku kucha, pesa alizomwaga katika uchaguzi wa Trump wa 2024, zaidi ya dola milioni 250, yote yako mezani. Mwanzoni mwa 2025, alipokuwa akiongoza kupunguza matumizi ya serikali ya Marekani, USAID ilisambaratishwa na wahudumu wengi wa kliniki za Ukimwi nchini Kenya wakaambiwa warudi nyumbani. Ukimkasirikia, unajua umemkasirikia nani.

Haya, niambie mwenye chai ya Kericho ni nani. Ilikuwa Brooke Bond, tangu miaka ya 1920. Mwaka 1984 Unilever ikainunua. Baadaye biashara ya chai ikatengwa, ikaitwa ekaterra, na mwaka 2022 ikauzwa kwa CVC, kampuni ya uwekezaji ya Ulaya. Jina likageuka tena, Lipton Teas and Infusions. Mwaka 2024 ikatangazwa kuwa mashamba yanakwenda kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo tayari ilikuwa imechukua yale ya James Finlay. Shangazi yangu, aliyechuma chai miaka mingi katika shamba ambalo sitalitaja, anasema kila jina jipya lilikuja na aproni mpya na mnyapara yule yule. Angemwandikia nani barua? Mashine angalau iko shambani, unaiona, unaigusa. Ndiyo maana ikachomwa yenyewe badala ya mwenyewe.

Mimi nalaumu pia wanunuzi, na hapa Uswidi haina la kujivunia. Mwaka 2023, mwaka ule ule mgomo ulipoanza, Model Y ya Tesla ndilo gari lililouzwa kuliko yote nchini humu. Majirani zangu wa Malmö, wanachama wa vyama vyao, walilinunua huku mafundi wakisimama na mabango kwenye baridi. Yalipokuja mambo ya Trump, na Musk akakipigia debe chama cha AfD cha Ujerumani, ndipo mauzo yakaporomoka, na 2025 yakashuka kwa zaidi ya nusu. Mdomo wa tajiri uliwaudhi kuliko fundi aliyenyimwa mkataba. Na kwenye chai ni hivyo hivyo. Februari 2023 BBC ilifichua jinsi wanawake zaidi ya 70 walivyosimulia dhuluma za kingono kutoka kwa wasimamizi katika mashamba ya James Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever, nayo Starbucks ikasitisha mara moja kununua chai ya Finlay ya Kenya. Kamera zilipoondoka, nani aliuliza tena? Tajiri mwenye kelele hujiumiza mwenyewe. Aliyenyamaza huuza shamba na kuondoka zake.

Kwa hiyo nikiulizwa tuige nini, sitasema kususia, wala mabango. Ningeiga yule mtu wa posta. Chai ya Kericho na Bomet hupakiwa kwenye malori, hushuka hadi Mombasa, huingia mnadani, kisha hupakiwa melini Kilindini. Njiani hupita mikononi mwa mamia ya watu wenye vyama vyao. Sijawahi kusikia dereva hata mmoja akisema, majani haya yamechumwa na mashine iliyovunja makubaliano, siyabebi.

Nisidanganye mtu, dawa hiyo haiponyi haraka. Toys R Us ilipokataa mkataba hapa mwaka 1995 ilisalimu amri baada ya miezi mitatu hivi. Tesla, Oktoba 2025, ilitimiza miaka miwili bila kutia saini. Mafundi wanaendelea kwa sababu chama kinawalipa kutoka mfuko wa mgomo. Ndugu zangu wa KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, mfuko wenu una nini? Jibuni hilo kwanza mbele ya wanachama. Kisha, kabla ya kuitisha waandishi wa habari Kericho, shukeni Mombasa na wakili anayejua sheria inaruhusu nini, mkaketi na madereva na makuli. Nasi wa ughaibuni tunaochangia harusi na mazishi kila wiki, mkitangaza mfuko huo wenye hesabu za wazi, tuandikeni majina.