Rojhaz Ni Nani?

Mwaka 2003 nilikuwa nikisoma Columbus, Ohio, katika nyumba ya kupanga iliyojaa Waswahili: mimi wa Tanga, mwenzangu wa Mombasa, na kaka mmoja wa Bukavu aliyekuwa akifanya kazi ya usiku ghalani. Mpira ulitugawa na siasa ndiyo usiseme. Tulichokaa mezani pamoja kukijadili kilikuwa kitabu cha katuni kiitwacho 1602.

Kampuni ya Marvel ilikuwa imempa Neil Gaiman, mwandishi Mwingereza, wahusika wake mashuhuri, naye akawahamishia Uingereza ya mwaka 1602, Malkia Elizabeth wa Kwanza akiwa amezeeka. Mchoraji alikuwa Andy Kubert. Nick Fury amekuwa Sir Nicholas, mkuu wa majasusi wa malkia. Doctor Strange ni tabibu wake. Matthew Murdoch, yule wakili kipofu wa New York, ni Mwairishi kipofu anayeimba kwa kulipwa. Wale wanaozaliwa na nguvu za ajabu wanaitwa mbegu ya wachawi, na ukikamatwa nayo unachomwa moto.

Matoleo yalikuwa manane, yakitoka moja moja hadi mwaka 2004, na utamu ulikuwa katika kusubiri. Kila mhusika mpya alikuwa kitendawili. Kijana John Grey, anayefichwa na wenzake asitazamwe sana: tulimng'amua mapema kwamba ni msichana, Jean, aliyevalishwa kiume. Peter Parquagh, msaidizi wa Sir Nicholas, alitutesa zaidi. Kila buibui alipomkaribia tulisema leo ndiyo leo, atamng'ata na kumpa nguvu zake, na kila mara buibui akapita zake. Gaiman alijua tunachosubiri, akatunyima karibu hadi ukurasa wa mwisho.

Kwa Rojhaz ndiko tulikogombana. Anafika London na Virginia Dare, binti anayetoka koloni la Roanoke, akiwa mlinzi wake: pande la mtu, mavazi ya wenyeji wa Amerika, maneno ya kuhesabu, na nywele za dhahabu zilizosukwa. Kaka wa Bukavu alishikilia kwamba ni Thor. "Angalia nywele, angalia kifua," alisema, na kesi kwake imekwisha. Wa Mombasa alimkumbusha kwamba kuna hazina ya siri inayosafirishwa kutoka Yerusalemu, na mzee Donal anayeisindikiza haachi mkongojo wake hata kidogo. Thor wa zamani naye alikuwa na mkongojo uliogeuka nyundo. Akashinda. Kwa Rojhaz nilisema nimeshindwa, nikatoa mji.

Jibu lilipokuja tulipiga meza. Rojhaz ni Rogers: Steve Rogers, Captain America, aliyetupwa karne nyingi nyuma na watawala wa Marekani ya siku zijazo, akaokotwa na wenyeji. Na kwa kuwa yuko mahali asipopaswa kuwapo, dunia nzima imeanza kupasuka. Tuliona ni ufundi wa hali ya juu.

Nilikisoma tena miaka baadaye, vitendawili vyote vikiwa vimeteguliwa, na furaha ile ikaingia shubiri. Katika hadithi nzima, mwenyeji wa Amerika mwenye nafasi kubwa kuliko wote alikuwa Rojhaz, na mwisho wake akawa mzungu aliyevaa nguo zao. Mwaka 2003 mimi na wenzangu, Waafrika watatu ugenini, tulipigia meza ufunuo uliomwondoa mtu wa pekee ambaye tungeweza kumwita wetu. Nimewahi kumsikia mtu akikitetea kitabu kwamba hadithi yenyewe inamhukumu Rogers: alitaka kuijenga Amerika mpya isiyo na dhuluma, na kubaki kwake ndiko kunakoua ulimwengu, hata ikabidi Sir Nicholas amrudishe kwa nguvu. Hoja hiyo ina uzito. Haijaniondolea shubiri.

Nikamwona pia Virginia upya. Tulikuwa tumekesha tukimtafutia jina la supahiro, kwa sababu anageuka mnyama. Kumbe hakuhitaji. Virginia Dare wa kweli alizaliwa Roanoke Agosti 1587, mtoto wa kwanza wa Kiingereza kuzaliwa katika makoloni ya Amerika. Babu yake, John White, alikwenda Uingereza kutafuta mahitaji, na aliporudi mwaka 1590 hakukuta mtu, ila neno CROATOAN limechongwa kwenye nguzo. Fumbo kubwa kuliko yote kitabuni lilikuwa la historia, na sisi tulilipita tukimtafuta mtu wa Marvel.

Desemba 2023 Marvel ikairudia 1602 katika kipindi kimoja cha vibonzo vya What If...?, Captain Carter akiwa ndiye kiongozi wa mambo. Pale Rogers ni jambazi wa msituni kama Robin Hood, na unamtambua papo hapo kwa sura uliyoizoea kwenye sinema. Mji unatolewa kabla kitendawili hakijategwa. Nilimlalamikia mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, nikampa kile kitabu nikimsihi asitafute majibu mtandaoni. Akayatafuta siku hiyohiyo, yote, pamoja na Rojhaz.

Siku chache baadaye akaja na kitabu kimefunguliwa kwa Enrique, Inkwizita Mkuu wa Hispania, ambaye ni Magneto, yule adui mashuhuri wa Marvel. "Mjomba, huyu naye ni mbegu ya wachawi. Kwa nini anawachoma wenzake?" Nilieleza kuwa wanaoweza kujificha anawaficha, na wale ambao maumbile yao yanawasaliti ndio wanaokwenda motoni. Akauliza kama Enrique anajiona mwema. Sisi watatu wa Columbus, na ubingwa wetu wote wa kutegua, hatukuwahi kulifikia swali hilo. Tulikwisha kujua ni Magneto, tukafunua ukurasa.