Filamu za Krismasi, na kijana wangu aliyeacha kuimba

Shule zimefunga, watoto wamejaa nyumbani, na tangu Jumapili akina mama watatu wameniandikia swali lile lile: Mchungaji, watoto wanataka zile filamu za Krismasi za kuimba, tuwaruhusu? Na kama ni ndiyo, zipi? Nitajibu. Lakini kwanza nina jambo la kusimulia. Mwenye jambo ni kijana wangu wa kwanza, na amenipa ruhusa.

Wengi mnajua nilivyookoka. Nilikuwa nikibeba mizigo stendi hapa Isiolo. Jioni moja wakaja watu na jenereta na shuka jeupe, wakatuonyesha filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979 inayofuata Injili ya Luka, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Nilisimama nyuma kabisa na miraa yangu mfukoni. Walipofika msalabani nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi, nalia kama mtoto.

Sasa huyo mtu aliyeokolewa mbele ya filamu, alipokuwa mchungaji, kitu cha kwanza alichotoa nyumbani kwake kilikuwa televisheni. Ilikuwa Greatwall ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe. Niliiita sanduku la shetani, nikahubiri hivyo Jumapili tatu mfululizo. Baadhi yenu mlipiga makofi. Siwalaumu, nilihubiri kwa nguvu.

Krismasi ya 2006 kijana wangu alikuwa na miaka tisa. Tulipotoka ibadani wageni wakaja, pilau ikaliwa, mtoto haonekani. Nilimpata nyumba ya tatu, kwa jirani, amekaa mkekani na watoto wenzake mbele ya runinga. Kulikuwa na filamu ya nyimbo, na watoto walikuwa wakiimba nayo. Wangu ndiye aliyekuwa juu ya wote. Nilimtoa kwa mkono. Nilimchapa pale pale njiani, wenzake wakiangalia mlangoni, mimi nikiwa bado na suti ya ibada. Nikamwambia Mungu hakumpa sauti ile kwa ajili ya upuuzi.

Hakuimba tena nikiwa karibu. Mwalimu wa Sunday school aliniambia kwamba kwenye kwaya anafungua mdomo tu. Nilidhani ni aibu, halafu nikadhani ni kubalehe. Akamaliza shule, akapata kazi Nairobi, na Krismasi nne zikapita akisema, "Kazi ni nyingi, Baba." Kutoka Nairobi hadi hapa ni safari ya siku moja, na barabara ni ya lami.

Mwaka jana alikuja. Alishuka kwenye matatu tarehe 23 usiku, na kompyuta yake mgongoni. Kesho yake jioni mama yake akamwambia atuwekee kitu cha Krismasi. Akaniangalia kwanza. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba, ananiangalia kama anayetafuta mahali fimbo ilipo. Nikasema weka.

Akaweka Black Nativity. Ni filamu ya 2013, ya mwongozaji Kasi Lemmons, na imetokana na mchezo wa kuigiza wa Langston Hughes, yule mshairi Mwamerika mweusi, uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1961. Kijana mmoja wa Baltimore anatumwa New York, mtaa wa Harlem, kukaa na babu na bibi ambao hajawahi kuwaona, kwa sababu mama yake amebanwa na kodi ya nyumba. Babu ni mchungaji. Anachezwa na Forest Whitaker, yule aliyemwigiza Idi Amin. Bibi ni Angela Bassett, na mama wa kijana ni Jennifer Hudson. Mama huyo akianza kuimba, hata chai mnaisahau mkononi.

Lakini mimi sikushikwa na nyimbo. Yule mchungaji ana kanisa limejaa, suti zimenyooka, nyumba ina utaratibu. Na hazungumzi na binti yake. Mjukuu amekuwa kijana mkubwa bila kumjua babu. Mwishoni, katika ibada ya Krismasi, mbele ya washirika, ukweli wa kilichowatenganisha unatoka, na mchungaji ana lawama yake ndani ya jambo hilo. Hapo nilisimama nikasema nakwenda kunywa maji.

Kijana alinifuata jikoni. Stima ikapotea wakati huo huo, na nawaambia ilinisaidia, maana gizani ni rahisi. Nilimwambia nakumbuka ile Krismasi ya kwa jirani. Nikamwambia nilikosea, naomba anisamehe. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Ni sawa, Baba." Sidhani ilikuwa sawa. Nimehudumu miaka mingi, najua mtu anayesema ni sawa ili mazungumzo yaishe. Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Nimeifundisha Waefeso sita mara nyingi sana, na kila mara nilikuwa nikiangalia upande wa watoto.

Kesho yake ibadani aliketi karibu na mlango, hakuimba. Tarehe 27 asubuhi, kabla ya safari, alikuwa akirekebisha mfereji wa tangi nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa chumbani nikitafuta kiatu. Nikamsikia. Si kuimba hasa, ni kunong'oneza wimbo mdomo ukiwa umefungwa. Niliketi kitandani na kiatu kimoja mpaka akamaliza.

Haya, akina mama, niwajibu. Ndiyo, waruhusuni, na mketi nao. Ukimwachia mtoto simu aende nayo chumbani, hilo ni jambo lingine kabisa. Mkiona alama ya GE ya bodi yetu ya filamu, inafaa watu wote; PG maana yake mzazi awepo. Hata hivyo angalieni wenyewe kwanza.

Journey to Bethlehem ya 2023 ni kuzaliwa kwa Yesu kwa nyimbo za kisasa. Antonio Banderas ni Herode, na kweli anatisha. Someni kwanza Luka mbili za mwanzo na Mathayo mbili, kwa sababu wameongeza mambo: eti Mariamu na Yusufu wanakutana sokoni bila kujua kwamba ndio wachumba. Na mamajusi wamefanywa wachekeshaji. Mimi nilicheka, mzee mmoja wa kanisa hakucheka.

Jingle Jangle ya 2020 iko Netflix. Forest Whitaker tena, tena babu aliyeachana na binti yake, safari hii ni fundi wa vitu vya kuchezea. Mjukuu wa kike ndiye anayemfuata. Si hadithi ya Injili, na kuna uchawi wa kimchezo wa kuwaeleza watoto. Lakini wasichana wetu watamwona mtoto mweusi aliye hodari wa hesabu, na hilo nalipenda.

White Christmas ya 1954 ni ya wazee, dansi nyingi, hakuna matusi. Jenerali mstaafu ana hoteli, na hoteli haina wageni kwa sababu theluji imekataa kuanguka. Theluji yetu sisi ni ile ya kilele cha Mlima Kenya asubuhi isiyo na mawingu, lakini kungoja kitu kutoka juu tunakujua, tuliopitia misimu mitano ya mvua iliyokosekana tangu mwisho wa 2020. Mtunzi wa nyimbo zake, Irving Berlin, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Urusi, na alifiwa na mtoto wake mchanga siku yenyewe ya Krismasi, mwaka 1928. Nyumba zilizozika mtu mwaka huu, mkiona hamwezi kuangalia chochote, msijilazimishe. Njooni kwetu tunywe chai.

Kijana anafika tarehe 22. Ameniuliza tutaangalia nini, nikamwambia achague yeye. Tarehe 24 jioni tutatundika shuka uani kwangu, na watoto wa mtaa wote wanakaribishwa, hata wa majirani zetu Waislamu wazazi wao wakikubali. Projekta nimeazimwa. Mwenye ekstensheni ndefu aniletee kabla ya Ijumaa, na kila mtu aje na mkeka wake.