Baba amestaafu magereza, nyumbani bado anahesabu

Siku ya askari magereza huanza na kuisha kwa kuhesabu. Wafungwa huhesabiwa asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini, na jioni tena kabla ya milango kufungwa. Akikosekana mmoja, hakuna anayelala.

Aliyeishi hivyo miaka 30 haachi siku anayorudisha sare. Mzee mmoja wa Muleba, ambaye kituo chake cha mwisho kilikuwa Bukoba, alirudi kwenye kibanja chake apumzike. Lakini usiku bado huzunguka nyumba akijaribu makomeo. Mezani hukaa akiutazama mlango. Mtoto akichelewa kidogo sokoni, nyumba nzima hutetemeka. Kwa muda mrefu mkewe aliuita huo ukali wa kazi. Sasa kazi imekwisha, ukali umebaki.

Askari huishi kota za jirani na gereza. Huamua ugomvi, huona wagonjwa na vifo, kisha hutakiwa arudi nyumbani acheke na wanawe. Akimsimulia mke, anaona anamtwisha mzigo. Akiwaambia wenzake, anaogopa kuonekana legelege. Basi hunyamaza, na wapo wanaoukimbilia ukimya huo kwenye rubisi.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zilizopewa jina la Nelson Mandela aliyefungwa miaka 27, zinataka askari wafundishwe kutambua mapema dalili za ugonjwa wa akili kwa wafungwa. Nyumbani, jicho hilo linapaswa kumtazama yeye: usingizi unaokatika, hasira za ghafla, kujitenga, pombe kuzidi, kutofurahia alivyovipenda. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, aende kituo cha afya. Akihitaji zaidi, atapewa rufaa. Akitaja kufa au kujidhuru, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Namna ya kuanza ni muhimu. Mwanamume aliyetoa amri maisha yake yote hataki kuhojiwa mbele ya watoto. Mke wa mzee huyu alimfuata migombani, wawili tu, akaanza na usingizi. Neno "akili" lingemkimbiza. Kwamba halali, hakuweza kubisha.

Watoto nao wasiachwe wakibahatisha. Waambiwe kwa maneno mepesi kwamba baba alifanya kazi nzito, imemchosha moyo, anatafutiwa tiba, na hasira zake hazikuletwa na wao. Mtoto asipoambiwa hivyo, hujihesabia kosa mwenyewe.