Kalamu ya Nyangwe

Kusini mwa Maniema, ukingoni mwa mto Lualaba, ndipo ilipo Nyangwe. Mwezi Machi 1871 Daktari Livingstone alifika hapo akitafuta mitumbwi ya kuvukia. Hakuipata, akakaa karibu miezi minne.

Kumbe kungoja kule kulikuwa shule ya mwandishi. Karatasi zilimwishia, na wino vilevile. Basi alitwaa gazeti kuukuu la London, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, kwa wino wa mbegu za mmea. Tena alikwenda sokoni, akawatazama akina mama wakiuza samaki, kuku na vyungu.

Tarehe 15 Julai watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanya biashara ya watumwa, walilipiga risasi soko lile. Mamia walikufa, wengi wao wanawake. Wengine walizama mtoni. Livingstone aliyaandika aliyoyaona. Habari ilifika Uingereza mwaka 1872, ikawachoma watu moyo, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Wino ule ulififia hata usisomeke. Wataalamu waliufufua kwa picha za mianga ya namna nyingi, na mwaka 2011 maandishi yakatolewa. Ndipo ilipoonekana kuwa aliyoyaandika huko Nyangwe hayalingani yote na aliyoyanakili baadaye.

Basi, kijana upendaye kuandika, usingoje karatasi nzuri. Tafuta mahali pa utulivu, lakini soko lisiwe mbali nawe. Tena andika siku ileile. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?