Kaniki ya Bibi



Nilipoolewa nikaja Unguja, bibi yangu wa Manundu, Korogwe, alinipa kaniki mpya. Aliitandaza dirishani, akaweka mkono nyuma yake. "Unauona mkono wangu?" Sikuuona, kwa jinsi nyuzi zilivyobanana. "Basi hiyo ndiyo stara, mjukuu wangu."

Huku wifi yangu aliiona kwenye begi, akacheka: "Nguo ya watumwa hiyo!" Nami nikacheka naye, nikaificha chini ya sanduku.

Wifi alikuwa na lake. Karne ya 19 watumwa wengi hapa Unguja walivaa marekani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Wanawake walikitia nili mpaka kikaiva weusi, kikawa kaniki. Sheria ilipoacha kuutambua utumwa mwaka 1897, wengi waliitupa kaniki wakashika kanga, ili wasitambulike tena kwa nguo. Siwalaumu. Lakini bibi yangu aliivaa shambani na nyumbani miaka yote, na hakuna aliyewahi kumvunjia heshima.

Kila nikimpigia simu huuliza, "Kaniki unaivaa?" Nami hujibu, "Naivaa, Bibi." Miaka sita nimesema hivyo.

Wiki iliyopita nilisimama na mtandio wangu wa bei kubwa karibu na dirisha, nikaona vidole vyangu vyote upande wa pili. Nguo hiyo nimeswalia mara ngapi? Nikaenda kwenye sanduku. Nikajifunga kaniki, nikajitanda kanga juu, nikaswali Alasiri.

Niliponyanyuka kwenye mswala, miguu yote ilikuwa na rangi ya buluu. Nikampigia Bibi huku nacheka: "Kaniki yako imenichujia!"

Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Kaniki huchuja ikiwa mpya. Kumbe ndiyo kwanza unaivaa."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, nikalia. Akasema, "Ifue peke yake kwa maji ya chumvi, usije ukaharibu nguo za mumeo."

Hakuongeza neno. Dada zangu, kumwongopea mzazi ni dhambi hata pale tunapodhani tunamfurahisha. Kama kuna kitu cha kwenu ulichokificha kwa kuogopa kuchekwa, kitoe leo, mwenyewe angali hai akuone nacho.

Allah atusitiri sote. Amin.